Jasho la Lori la Shangazi

Ilianza Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Shangazi Kadzo aligonga dirisha la chumba changu hapa Muyeye kwa ufunguo wa lori, akasema, "Sidi, leo huuzi mahamri. Vaa suruali."

Dama, binti ya mjomba wangu, najua utacheka ukisikia mtu wa miaka kumi na minane anajiita mstaafu. Cheka. Nimestaafu. Mimi naenda chuo, wewe unarithi kiti changu kwenye lori, na katika nyumba hii hakuna atakayekwambia ukweli wa kile kiti. Wakubwa watakupa hadithi zao, ambamo wao ndio mashujaa. Mimi ningekueleza kwa mdomo, lakini unanijua: mbele ya mtu maneno yangu hurudi tumboni. Kwenye karatasi hayaoni haya. Kwa hiyo soma, na ukimaliza usimpe Ami Shee.

Ujue kwanza nilivyopata kazi. Hakuna aliyeona kipaji. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, na shangazi hawezi kuona mtu amekaa. Akaniweka stejini na beseni la mahamri, niite wateja. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mama mmoja alichukua mahamri mawili akaanza kutazama huku na huku akimtafuta mwenye mali, nami nimekaa mbele ya magoti yake. "Mwenyewe yuko wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha kwa kidole upande wa msikitini. Akaenda kumtafuta huko. Shangazi aliposikia hakunipiga wala hakunitukana, alinitazama tu kama unavyotazama jembe lisilo mpini.

Kwenye lori hakuna wateja. Unakaa kiti cha kushoto, unatazama mshale wa geji ya joto, na ukipanda unasema. Basi. Neno moja kwa siku, siku mbaya maneno mawili. Nilidhani nimepata kazi niliyoumbiwa.

Lori lenyewe utalikuta lilivyo. Ni la Kijapani, kuukuu, marehemu mume wa shangazi alilinunua likiwa limeshachoka tayari. Hubeba chumvi kutoka Gongoni kuja Malindi, Watamu na Kilifi, na chumvi imelila kila mahali isipokuwa honi. Dereva ni Ami Shee. Si ami yetu wa damu. Ni mtu wa visiwa vya kaskazini, aliyekuja na marehemu zamani na hakurudi tena, na heshima yake kwetu ni ya ami. Miwani yake ni ya mbali. Akiwa Mambrui humwona mbuzi aliyeko karibu na Gongoni na kukwambia ni dume au jike. Geji iliyo chini ya pua yake haioni. Ndiyo sababu kuna kazi, Dama. Wangemnunulia miwani nyingine, mimi na wewe tungekuwa stejini.

Siku ya kwanza nilimwamkia. "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Rudia, sikusikia."

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, marahaba. Hujambo? Mama hajambo? Nyumbani wote wazima? Mtihani uliuona vipi?" Ami Shee hawezi kuwasha injini kabla hajamaliza ukoo mzima. Kisha akachukua dumu la maji na kuanza kuyamimina kwenye rejeta. Akamimina, akamimina. Nikachungulia chini ya lori. Mchanga mkavu. Hakuna tone.

Mimi sikusoma umakanika, lakini hata beseni la mahamri lilinifundisha kwamba kitu kikipungua, kimekwenda mahali. Nikajikaza. "Ami, maji huenda wapi?"

"Rudia, mwanangu."

"Maji. Yanakwenda wapi?"

"Ni jasho hilo," akasema. "Chombo kikongwe hutoka jasho. Hata mimi natoka jasho, mbona hamnipeleki kwa fundi?" Akacheka peke yake mpaka tukafika daraja la Sabaki.

Basi kwa miezi ile ya mwanzo nikaishi na jasho. Kila asubuhi lori linakunywa, kila jioni limekauka, na chini hamna kitu. Ukiwa na tundu dogo kwenye sehemu ya moto, maji hayadondoki. Yakitoka tu yanageuka mvuke na kuacha ukoko mweupe. Kwa lori lingine ungetafuta ule ukoko ukapata tundu. Lori letu ni la chumvi. Lote ni jeupe. Nendeni mkatafute unga kwenye kinu.

Nikufundishe mambo mawili hapa kabla sijaanza kuwasema watu, maana nikianza sitasimama. Rejeta huangaliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Na kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata akwambie nani. Ami Shee alikwisha kukifungua zamani, na mpaka leo mkono wake wa kulia una ngozi ya rangi mbili. Amejifunza nini? Kuvifunga vidole kwa kikoi kisha kukifungua vilevile, akiwa amegeuza uso na kusoma dua. Siku hizo mimi nilikuwa nashuka na kwenda kusimama mbali, najifanya natazama minazi.

Lilipochemka mara ya kwanza na mimi ndani, Watamu, mbele ya watalii wenye kamera, shangazi alilipeleka kwa Fundi Ngumbao hapa Muyeye. Utamjua. Ana gereji ya mabati kando ya barabara na meza ya chai yenye watu wengi kuliko magari. Fundi Ngumbao hasikilizi injini, huitolea hukumu. Alifika na kijiti cha meno mdomoni, hajainama, hajagusa, akasema, "Rejeta."

Wakaitoa rejeta, wakaichomelea, wakairudisha. Jasho likaendelea.

Akasema, "Pampu ya maji." Wakabadilisha pampu. Jasho likaendelea.

Ungeona wanaume wa mtaa siku hizo. Lori likiinuliwa kebini tu, hukusanyika kama waliokaribishwa harusi. Kila mwenye suruali ni fundi. Muuza maji alisema tutie yai bichi, litaganda kwenye tundu. Likatiwa. Kinyozi akasema yai halifai, dawa ni unga wa mhogo, babake aliponya trekta kwa unga wa mhogo. Nao ukatiwa. Nilikuwa nimesimama na tochi, maana mtu akishika tochi haulizwi maneno, nikawaza kwamba hawa watu wakiugua malaria huenda hospitali na kupimwa damu, lakini lori likiugua linapikiwa.

Halafu ikaja siku ya thamostati. Nitakueleza kwa ufupi ni kitu gani, maana nilikisoma mwenyewe baadaye. Ni kilango kidogo cha chuma kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi kinafunga, ikipata moto kinafungua, ili maji yaende kwenye rejeta kupoa. Fundi Ngumbao alikichomoa, akakiinua juu watu wote wakione.

"Mnaona kidude hiki? Hiki ni cha nchi za baridi. Kule wanahitaji kupasha injini. Hebu niambieni, Malindi kuna theluji?"

Watu wakacheka sana. Ami Shee akacheka kuliko wote. "Wallahi fundi, theluji Muyeye! Kina Kadzo wangeuza mahamri ya barafu!"

"Basi hatukihitaji," akasema Fundi Ngumbao, na kukitupa kwenye kopo.

Kumbuka maneno hayo, Dama. Nchi za baridi. Yatarudi.

Bila kile kidude lori likawa halieleweki. Asubuhi lilikohoa kama mzee wa sigara, na kwenye mlima likipakiwa mshale ulipanda upesi kuliko kwanza. Shangazi akachoka. Alhamisi moja alitukuta mimi na Ami Shee tunajaza maji, akasimama na leso yake kiunoni, akasema polepole, jambo ambalo ni baya kuliko akipiga kelele.

"Shee. Nimekuheshimu kwa ajili ya marehemu. Lakini hili gari sasa linanila mimi. Likichemka tena, mara moja tu, namwita mtu wa vyuma chakavu alikate hapahapa uwanjani. Nawe Sidi unarudi stejini kwenye beseni. Safari hii utaita wateja hata kama ni kwa filimbi."

Ami Shee alikuwa na la kujibu kwa kila mtu duniani. Siku ile alijibu, "Vyema, bibi," na akafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Ndipo nikajua kwamba na yeye anaogopa. Dereva wa umri ule, mwenye miwani ile, nani mwingine angempa usukani? Angebaki kukaa barazani na kuhesabu wapita njia, na mimi ningebaki na beseni. Kilichotushika wote wawili duniani kilikuwa mshale mmoja mwekundu, na yeye hauoni, na mimi sisikiki.

Tulidumu siku moja.

Ijumaa alasiri tulikuwa tunatoka Gongoni na chumvi mpaka juu. Dumu letu lilikwisha Mambrui. Nilitaka tununue maji palepale, nikasema, Ami Shee akasema nirudie, nikarudia, akasema tutanunua mbele. Gongoni hakuna maji ya kutia kwenye injini, ujue hilo. Ya visimani yana chumvi, ukiyatia leo kesho unafuga kutu. Mbele hakukuwa na kitu. Tukavuka daraja la Sabaki, tukaanza kupanda kile kilima, na mshale ukaanza kupanda nacho.

"Ami, geji."

Kaseti ya taarabu ilikuwa inalia.

"Ami. Geji!"

"Naam? Rudia, mwanangu."

Nikamvuta mkono wa kanzu. Akatazama mbele, akaona mwenyewe, maana mvuke hauhitaji miwani. Tukasimama katikati ya kilima, chumvi nyuma, moshi mbele, malori mengine yanatupigia honi za dharau.

Sasa sikiliza alichofanya huyu mtu mzima. Tulingoja injini ipoe. Angalau hilo nililipata kwa kukaa juu ya kikoi chake cha kufungulia kifuniko. Ilipopoa, akafikia nyuma ya kiti. Ami Shee hasafiri bila madafu mawili ya kunywa njiani. Akachukua panga, akafyeka la kwanza, akalisogeza kwenye mdomo wa rejeta.

Nikatikisa kichwa. Nikatikisa mikono. Sauti ikanijia mwishoni. "Ami, lina sukari!"

"Mwanangu," akasema huku anamimina, "maji ya dafu yamechujwa na Mola mwenyewe. Mgonjwa hospitalini akikosa nguvu hunyweshwa nini? Dafu. Hili nalo si mgonjwa?" Akafyeka na la pili.

Nikahesabu moyoni yaliyokwisha ingia kwenye injini ya shangazi: yai, unga wa mhogo, na sasa tui linakaribia. Ilikosa samaki tu iwe mchuzi.

Tulifika Muyeye kwa mwendo wa kobe. Shangazi alikuwa mlangoni. Alinusa kwanza, kwa sababu dafu likipikwa ndani ya injini hunuka kama kashata iliyoungua, mtaa mzima ulijua. Hakuuliza. Alitoa simu yake kwenye leso, akapiga mbele yetu. "Halo, bwana wa vyuma. Ndiyo. Njoo kesho asubuhi na mtungi wako wa kukatia. Lipo."

Jumamosi nilitoka mapema kwenda kuchukua vitu vyangu kwenye kebini: mto wa kukalia, chupa, na viatu vyangu vya akiba nilivyokuwa naviweka juu ya kisanduku cheusi chini ya dashibodi, pale miguuni pangu. Kisanduku kile nilikiegemea tangu siku ya kwanza. Kina matundu na kitufe kilichokwama. Sikuwahi kujiuliza ni cha nini. Ami Shee alikiita "stuli".

Nikaona sisimizi.

Walikuwa msururu mmoja kutoka kwenye ua, wamepita mchangani, wamepanda tairi la mbele kushoto, na kupotelea juu. Nikafikiri wamefuata makombo ya mahamri yangu. Lakini hawakuingia kebini. Nikalala chali mchangani na tochi, nikawafuata. Hawakwenda kwenye rejeta iliyochomelewa. Hawakwenda kwenye pampu mpya. Walipita vyote hivyo bila hata kusalimia, wakaenda nyuma kabisa ya injini, kwenye mpira mmoja mwembamba wa maji uliofichwa na waya na uchafu, na hapo wakajazana kwenye klipu kama watu kwenye sufuria ya pilau. Nikawapangusa kwa kidole. Chini yao palikuwa na ukoko mweupe, na ule ukoko ulinata. Nikanusa. Dafu.

Nikaufuata ule mpira kwa mwanga. Unatoka kwenye injini, unapanda, unaingia sakafuni, na unakwenda kwenye kisanduku chenye viatu vyangu. Stuli. Kile kitufe kilichokwama kina alama ndogo nyekundu upande mmoja na ya buluu upande wa pili, nami nilikuwa nimekitazama kwa miezi.

Ilikuwa hita, Dama. Kipasha joto cha kebini. Ndani ya lori linalobeba chumvi Gongoni, mahali ambapo watu hukausha bahari kwa jua, maji ya injini yalikuwa yanazunguka miguuni pangu kila siku ili nisione baridi.

Na Fundi Ngumbao, aliyechomoa kilango kinachohitajika kwa sababu ni cha nchi za baridi, aliiacha hita. Hakuikumbuka. Hakuna fundi wa pwani hii anayeikumbuka, maana hakuna aliyewahi kuiwasha.

Nilipotoka chini ya lori, uwanja ulikuwa umejaa. Mtu wa vyuma alishafika na mtungi wake wa gesi kwenye mkokoteni. Fundi Ngumbao alikuja kuchagua vipuri anavyovitaka. Ami Shee alisimama kando amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi, kama mtu aliyekuja kuzika. Shangazi alikuwa anaonyesha kwa mkono waanzie wapi.

"Shangazi," nikasema.

Hakugeuka.

"Shangazi, sisimizi."

Mtu wa vyuma alikuwa anafungua mtungi, unatoa sauti ya nyoka. Kinyozi alikuwa anamweleza muuza maji kwamba unga wa mhogo ulikuwa mchache. Nikaona wazi kwamba nitasimama pale nikisema maneno yangu madogo mpaka lori liwe vipande.

Nimekwambia chumvi ililila lori lote isipokuwa honi. Nikapanda kebini, nikaweka viganja vyote viwili juu yake, nikaegemea.

Kuku wa jirani waliruka ua. Mtungi ukafungwa. Nikaendelea mpaka kila mdomo pale uwanjani ulipokaa kimya, kisha nikashuka. Sasa wote walikuwa wananitazama, na nikagundua kwamba baya zaidi limeshapita.

"Inavuja hita," nikasema.

Fundi Ngumbao akatoa kijiti mdomoni. "Hita gani wewe mtoto? Malindi hii, hita ya nini?"

"Ya nchi za baridi. Ulitoa kidude kimoja, ukasahau kingine."

Muuza maji akaanza kucheka, akajizuia. Fundi akanitazama, akamtazama shangazi, akaona hana budi. Akalala mchangani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinama kabla ya kuhukumu. Tukaona miguu yake tu.

"Kuna sisimizi," sauti ikatoka chini.

"Waulize wao," akasema shangazi. "Maana wamefika kabla yako na hawakunywa chai ya mtu."

Mtu wa vyuma akapangusa jasho. "Sasa mama, nikate au nisikate?"

Shangazi alifikiri. "Kaa, upewe chai. Wao watengeneze, tupakie, turudi na kilima cha Sabaki. Likichemka, utalikatia palepale kilimani, nami nitakushikia mtungi."

Matengenezo yenyewe ni aibu kuyaandika kwa udogo wake. Wakakata ile mipira miwili ya hita, mmoja unaopeleka maji na mmoja unaoyarudisha, wakaunganisha kwa kipande kimoja kipya chenye klipu mbili, maji yakawa yanazunguka bila kupita miguuni pa mtu. Wakasukuma maji safi ndani mara kwa mara mpaka yakaacha kutoka na harufu ya kashata. Nikasema na thamostati irudi. Ikatafutwa kwenye kopo, haimo. Ilipatikana chini ya mguu mfupi wa meza ya chai. Kwa muda wote ule kazi yake ilikuwa kuzuia vikombe visimwagike, na huenda hapo ndipo ilipopata heshima zaidi. Wakaisafisha, wakairudisha, wakatia maji safi na dawa ya rangi ya kijani ya rejeta, ile ambayo lori lilipaswa kuwa nayo tangu zamani badala ya jiko zima.

Tulikwenda Gongoni watatu, shangazi katikati na pochi yake mapajani. Tukapakia. Wakati wa kurudi hata kaseti ilizimwa. Tukavuka daraja. Kilima kikaanza. Ami Shee akabadilisha gia, mikono yake miwili imeushika usukani kama anayemshika mtoto asianguke.

"Geji?" akauliza.

"Imelala."

"Rudia."

"Imelala, ami."

Tukapita pale tuliposimama jana, maganda mawili ya madafu bado yako kando ya barabara. "Geji?"

"Imelala."

"Sasa?"

"Ami, tazama barabara."

Tulipofika juu, upepo ukaingia dirishani. Ami Shee alivua miwani na kuipangusa kwa kanzu, na mimi nilitazama upande wa pili kwa sababu si miwani tu aliyoipangusa. Shangazi akafungua pochi, akaifunga.

"Kwa hiyo," akasema, "miezi yote ile mlikuwa mnanipotezea muda kwa ajili ya mpira?"

Hiyo ndiyo asante ya nyumba hii. Izoee.

Mtu wa vyuma aliondoka na kopo la mabati lililotoboka, asirudi mikono mitupu. Na jioni ile, Dama, nilikuwa nafua nyuma ya ukuta wa baraza, nikawasikia. Ami Shee alikuwa na hadhira kamili.

"Mimi dafu nililitia makusudi," anasema. "Niliwaza: tundu halionekani. Ni nani aonaye kisichoonekana? Sisimizi. Na sisimizi huitwa kwa nini? Kwa utamu. Ndipo nikafyeka madafu yangu mawili, nikajinyima."

"Kweli mzee ana hekima," anasema kinyozi.

"Hata mimi hita niliishuku tangu mwanzo," anasema Fundi Ngumbao. "Nilitaka tu kumaliza vingine kwanza."

Muuza maji akauliza kama dafu lafaa na kwa tuktuk. Wakakubaliana linafaa. Mpaka leo, ukipita Gongoni, utaona madereva wanatia madafu kwenye rejeta nzima zisizo na kosa lolote, na wanangoja sisimizi. Usijaribu kuwaeleza. Nikakamua nguo nyuma ya ukuta. Lori lipo, kiti kipo, beseni liko kwa mtu mwingine. Nilichokitaka nilikuwa nacho, na sikukipata kwa kuketi barazani.

Lakini asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko kawaida. Nikatia dumu maji safi, nikakagua rejeta ikiwa baridi. Ilijaa, haikupungua hata tone. Nikaangalia klipu mbili, kavu. Nikaangalia tairi, hakuna sisimizi. Kisha nikaingia kebini na kupapasa nyuma ya kiti. Alikuwa ameshaweka dafu jipya tangu jana, moja, kubwa, la kijani. Nikalifyeka kwa panga lake, nikakaa kwenye kiti changu, nikaweka miguu juu ya ile stuli ambayo sasa kweli ni stuli, nikalinywa lote mpaka tone la mwisho.

Ami Shee alifika, akaniuliza hali, ya mama, ya nyumbani wote. Akafikia nyuma ya kiti. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Sidi, dafu langu li wapi?"

"Limetoka jasho, ami."

Kwa mara ya kwanza hakuniambia nirudie.